Kikata Kioo cha Baba

Kioo cha usalama hakivunjiki vipande. Kinamwagika. Nilikiona kikimwagika mara moja tu, juu ya meza ya baba, na hadi leo nikifagia karakana huwa naokota punje moja moja kwenye nyufa za sakafu.

Baba alikuwa mkata vioo. Alikuwa akichovya kikata chake kwenye mafuta ya taa, anapiga mstari mmoja, anagonga kidogo, na kioo kinaachia chenyewe. Mkono huo ndio ulionisomesha. Kisha wateja wakabadilika. Wakataka vioo vya tabaka mbili vinavyozuia joto, na vile vilivyochomwa kiwandani ili visimkate mtu vikipasuka. Hivyo havikatwi tena vikishatoka kiwandani. Unapima, unapiga simu, unasubiri gari. Kazi hiyo ikawa yangu.

"Siku hizi fundi ni simu," baba aliwaambia wateja, nami nipo pale pale. "Huyu binti yangu hata kidole hachafui!"

Walipocheka, nami nilicheka. Moyoni nilikuwa nimefura.

Siku ile kililetwa kioo cha mlango wa chekechea. Mtoto alikuwa amekatwa na kile cha zamani, na mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kuchukua kipya. Nilipokipima, kilizidi nusu sentimita. Kosa lilikuwa langu, maana nilipima mlango kabla fremu mpya haijafungwa.

"Nusu sentimita tu?" baba aliuliza mbele ya mwalimu. "Kilete hapa, mwanangu. Simu haikati kioo."

Kwenye kona ya kioo palikuwa na mhuri mdogo wa kiwanda, alama ya kioo kilichochomwa. Baba hakujua maana yake kwa sababu sikuwahi kumweleza. Neno moja lingetosha. Nilimwekea kioo mezani, nikarudi nyuma hatua mbili.

Alichovya kikata. Alipiga mstari ulionyooka, mzuri kuliko yote niliyowahi kuona, akagonga.

Ulisikika mlio mmoja. Punje zilijaa meza nzima, zikamwagikia viatu vyake. Hakuwa na hata mkwaruzo. Mwalimu alisema pole, akaaga haraka bila kututazama. Baba akachukua ufagio. Nilipotaka kumpokea, alikataa. Alifagia mpaka chini ya kabati. Kisha akainua macho, akanikuta bado nimesimama pale pale.

"Ulisimama mbali," alisema.

Alivua aproni, akaitundika, na hakukanyaga tena karakanani. Aliishi miaka minne zaidi. Nilikwenda kumwona kila Jumapili, tukaongea habari za mgongo wake na bei ya saruji. Kila mara nilifika na neno la kuomba radhi mdomoni, na kila mara niliondoka nalo. Hakunitania tena hata siku moja.

Sasa maghorofa mazima yanaagiza vioo kwangu. Napima mara tatu, napiga simu, nasubiri gari. Wateja wananiheshimu mno. Kuna siku natamani mtu aingie tu anicheke, nami nimgeukie nimjibu, lakini mlangoni hapaingii mtu wa namna hiyo.

Kikata chake kiko kwenye kopo lake la mafuta ya taa, pale dirishani. Sina kioo cha kukata nacho. Kila Jumamosi namwaga mafuta ya zamani, natia mapya.