Kamba ya Mtakatifu Yosefu

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Ndiyo maana siku umoja wetu wa wanaume Wakatoliki ulipotoka Maili Moja kwenda Masaki, huko Kisarawe, kufunga dirisha la vioo vya rangi kwenye kanisa la kigango, nilichagua kushika kamba. Ngazi nilimwachia mdogo wangu Leodegar, ambaye tangu utotoni hajui kuogopa, na ambaye mama alinikabidhi kabla ya kufumba macho.

Dirisha lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Ndani ya fremu ya chuma alisimama Mtakatifu Yosefu na msumeno wake, kanzu ya samawati, mikono rangi ya asali. Kamba ilipita juu ya boriti iliyochomoza ukutani: upande mmoja Yosefu, upande wa pili sisi wanne. Leodegar alikuwa kwenye ngazi chini ya boriti, akisubiri kumwongoza Yosefu aingie kwenye nafasi yake.

Tulijaribu mara ya kwanza, hakunyanyuka. Jirani wa kanisa, Mzee Mwinyijuma, alikuwa anapalilia mihogo yake pale pale, nikamwita.

"Shikamoo, mzee. Tusaidie kuvuta kidogo."

"Marahaba. Mnampandisha nani huyo?"

"Mtakatifu Yosefu."

"Simjui, ila ana msumeno. Ni mtu wa kazi."

Akaacha jembe, akashika mwisho wa kamba, akajizungushia kiunoni. Niliudhika, nasema kweli. Wanaume wanne wazima tumesimama mbele yake, yeye anajifunga kama vile tutamkimbia.

Tukavuta, na safari hii Yosefu akapanda taratibu mpaka juu ya kichwa cha Leodegar. Hapo ndipo nilipomwona Laurensia, mke wa katekista, anatoka jikoni na kipande cha nondo. Alikuwa anaelekea kwenye rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho. Rimu ile ndiyo kengele ya kigango, na saa sita ya mchana ilikuwa imefika.

Nikaingiwa na hofu. Katika umoja wetu kengele ya saa sita haina mjadala. Ukiwa unakunywa chai, kikombe kinakwenda chini, mkono wa kulia unakwenda kwenye paji la uso, na sala ya Malaika wa Bwana inaanza. Anayechelewa tunamcheka wiki nzima. Tumezoea hivyo hata hatuamui tena, mkono unakwenda wenyewe.

Kupiga kelele sikuthubutu. Leodegar angegeuka kutazama, na ngazi ile ilikuwa inacheza.

"Jamani, kengele," nikanong'ona.

"Tumeona, Katibu," akajibu aliyekuwa mbele yangu. "Tutasali, usijali."

"Siyo kusali. Hiyo mikono yenu..."

Rimu ikalia.

Kamba ikanichoma kiganja ikipita. Yosefu akashuka mzima mzima, na jua lilikuwa nyuma yake, nikaona uso wa mdogo wangu unageuka samawati. Nikamwona mama. Kisha nikahisi kitu kimenigusa kwenye paji la uso, na vilikuwa vidole vyangu mwenyewe.

Dirisha likasimama, shubiri moja juu ya kichwa cha Leodegar.

Nikageuka. Mzee Mwinyijuma alikuwa chini, chali, visigino amevikita kwenye jiwe la msingi wa kanisa, kamba imemkaza kiuno hadi shati limechanika.

"Salini," akasema kwa shida. "Ila msichelewe."

Tukairukia kamba wote wanne. Hakuna aliyesali.

"Kaka," Leodegar akaita kutoka juu, "mbona mnamwachia ghafla hivyo?"

Nilikuwa nalia, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Siku hizi kengele ikilia pale Maili Moja, wenzangu wanafanya ishara ya msalaba, mimi natazama kwanza mkono wangu umeshika nini. Wananicheka kwamba nimekuwa wa mwisho kusali. Leodegar naye anacheka, tena kwa sauti kuliko wote, na mimi namwacha acheke.