Ubora wa Skrini

Wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, mpiga pasi wa hospitali aliketi juu ya robota la mashuka, akafungua mipangilio ya simu yake. Alitaka kusoma tangazo la nafasi ya msimamizi wa zamu, lakini herufi zilikuwa zimevurugika. Meneja aliagiza zamani kwamba simu zote za chumba cha kufulia ziwekwe ubora wa chini kabisa wa skrini, chaji ifike jioni. Wanawake wote kumi na wawili walitii.

Nafasi hiyo alikuwa ameiomba mara tatu. Mara zote meneja alijibu kwamba hamfahamu mwombaji.

Alichagua ubora wa juu, akabonyeza. Herufi zikanyooka. Kisha vidole vyake, ambavyo tangu aajiriwe vilikuwa na kingo za ngazi ngazi, vikawa mviringo. Kovu la pasi likatokea mkononi.

"Kumbe una kidoti shavuni, shoga," alisema mpanga mashuka.

"Nimezaliwa nacho."

"Mimi nilidhani ni vumbi."

"Vumbi mwenyewe. Hebu nishikie pasi."

Alipanda ghorofani na barua yake. Siku zote meneja aliendelea kuongea kwenye simu mpaka mpiga pasi aondoke. Leo alikata simu.

"Karibu, mama. Wewe ni mgeni hapa?"

"Nina miaka minane hapa. Shati hilo nimelipiga pasi mimi."

Meneja aliitazama kola yake, akamtazama mama. Akaisoma barua mpaka mwisho. Sababu ya kumnyima ilikuwa moja tu, kutomfahamu, nayo haikuwepo tena. Akatia sahihi.

Msimamizi mpya alishuka na funguo za stoo zikilia kiunoni. Mashine zilizimwa, vigelegele vikapigwa. Kisha akawaelekeza wenzake: mipangilio, skrini, ubora wa juu. Mmoja mmoja wakatokea: pua, mianya ya meno, kope. Wawili wakagundua kuwa wanafanana kama mapacha, wakabishana nani mzuri zaidi.

Saa tisa meneja alishuka kukagua. Alifurahi kuona sura nyingi ngeni, akampa kila mmoja mkono.

"Karibuni kazini. Ila hapa tuna utaratibu: simu zote ubora wa chini, tuokoe chaji."

"Sawa, bosi," waliitikia kwa pamoja, na meno yao yote yakaonekana.