Boksi Mbili za Kumi na Saba

Stoo ya vifaa pale gereji ilikuwa na dirisha dogo la wavu na ubao mmoja ukutani. Ubao huo aliutengeneza marehemu mume wangu. Alipigilia misumari safu kwa safu, na kila msumari ukavishwa boksi yake, zile spana fupi za kuvalisha juu ya nati. Alipofariki, mdogo wake alishika gereji, mimi nikashika ufunguo wa stoo. Niliutia uzi nikauvaa shingoni. Watu wakaanza kuniita Mama Stoo.

Wiki ya kwanza nilifanya usafi. Mume wangu alikuwa fundi mzuri lakini mchafu, Mungu amrehemu. Chini ya ubao nilikuta kopo la maziwa lenye boksi nyingine kama ishirini, zimelala kwenye grisi nyeusi. Niliziosha kwa mafuta ya taa, nikazipanga ubaoni kila moja kwa unene wake. Namba nyingi zilikuwa zimelika. Penye boksi moja pakawa na mbili, nikasema basi, moja ya akiba. Kopo nikaliwekea chaki za kuandikia mlangoni nani kachukua nini.

Fundi tuliyekuwa naye ni mmoja, tukimwita Kiraka kwa ajili ya suruali yake. Ana mke na watoto pacha. Vifaa alichukua kwangu, maana shemeji alikuwa na vyake kwenye sanduku la kufuli na hakuazimisha mtu.

Mwezi haujaisha, Kiraka akala nati tatu. Nati ikiliwa kona inakuwa duara, spana haishiki tena, mpaka ikatwe kwa patasi.

"Hiyo mikono Mungu alikupa ya kupasulia kuni," shemeji alimwambia mbele ya wateja.

"Bosi, mimi nafungua taratibu."

"Taratibu hiyo ndiyo imekula tatu? Ungekuwa na haraka si ungekula na injini!"

Watu walicheka. Kiraka naye alicheka kidogo, akainama. Jumamosi asubuhi shemeji alimwambia amalize breki za pikapu ya muuza maziwa, kisha akusanye nguo zake, asirudi. Mimi nilikuwa dirishani, nikasikia. Kila alfajiri katika sala zangu nilikuwa nikimwombea Kiraka mikono mizuri.

Haikupita nusu saa akaja dirishani, boksi mkononi.

"Mama Stoo, hii kumi na saba inacheza. Nimeacha kabla haijala. Siku ya mwisho sitaki kumwachia neno."

"Inachezaje?"

"Kama kiatu cha kuazima."

Niliipokea. Kwenye msumari wa kumi na saba ilibaki pacha yake. Nikazisimamisha pamoja mezani. Kwa macho zilikuwa sawasawa. Nikachukua chaki, nikaisugua ubavuni mwa ile aliyorudisha, nikaifuta kwa kidole. Chaki ilibaki kwenye mikwaruzo, namba ikaonekana: kumi na moja, mstari, kumi na sita. Nikaisugua na nyingine. Hiyo ilikuwa kumi na saba tupu.

Sehemu nilizisoma darasa la nne. Namba yenye mstari ni ya inchi, na magari yetu yote yalikuwa ya milimita. Ile ya inchi ilizidi kidogo tu, kiasi cha kukubali kuvaa na kukataa kushika. Kumbe kopo halikuwa uchafu. Mume wangu alikuwa amezitenga.

Nilimpa Kiraka ile ya kweli. Alirudi chini ya pikapu, nikasikia bolti inalia mara moja na kuachia.

"Mama, hii inauma kama mbwa!" alipiga kelele kutoka chini.

Nikakaa. Ningeweza kuzirudisha zile za inchi kwenye kopo nikanyamaza, hakuna ambaye angejua. Kiraka angeondoka jioni na nati tatu juu ya jina lake. Nikisema, ufunguo ungeondoka shingoni, na ufunguo ndio kazi niliyoachiwa. Sikusali. Jibu nilikuwa nalo tayari.

Kiraka aliporudisha ile ya kweli, nilizibeba boksi zote mbili mpaka kwa shemeji.

"Nati tatu nimekula mimi," nikamwambia, nikamwonyesha namba zilizotokeza kwa chaki.

Alizigeuza muda mrefu. Alizijaribu zote mbili kwenye bolti iliyokuwa mezani.

"Shemeji, umepanga vifaa kama vikombe vya kabati."

"Ndivyo nilivyofanya."

"Basi lete ufunguo."

Nilimpa. Kisha akaita, "Kiraka! Jumatatu usichelewe!"

Niliomba saa moja ya mwisho stooni. Nilimwaga chaki, nikasugua boksi moja moja, zenye mstari nikazirudisha kwenye kopo. Zilifika ishirini na mbili.

Jumatatu nilikwenda kuchukua kiti changu. Nilipokuwa nakikunja nje ya dirisha, nilisikia vyuma vinaanguka ndani, na shemeji akitukana polepole.

"Shemeji, upo hapo? Kumi na nne iko wapi?"

"Safu ya pili, msumari wa tatu kutoka mlangoni."

Nikasikia anahesabu misumari. Halafu: "Na kumi na mbili?"

Nilikikunjua kiti, nikakaa hapo hapo nje, nikamwambia.