Mpira Ulioangukia Juni 1983

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye uwanja wa zamani wa gofu wa Ilongo, na bendera za mashimo hazikuwa na namba. Zilikuwa na miaka. Ya karibu iliandikwa 2003, mwaka niliostaafu. Nyuma yake ilikuwepo 1996, kisha 1988, na kuendelea hivyo hadi kwenye ukungu, ambako nilidhani naona 1905.

Sikushangaa. Mimi ni msomaji wa historia, na nilichofikiri ni kwamba hatimaye klabu imefanya jambo la maana.

Niseme mapema kilichonipeleka kitandani na moyo mzito. Nimeandika historia ya Kiwanda cha Chai cha Ilongo, ambako nilianza kama karani wa mizani nikamaliza kama mkurugenzi mkuu. Ni kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nilisoma shule ya jioni miaka sita, baada ya saa za kazi, kwa hiyo najua sentensi inavyosimama. Leo mswada ulikuwa uende kwa mpiga chapa. Ukurasa wa arobaini na moja unaeleza jinsi nilivyogundua Kanuni ya Dakika Tisini. Sentensi zake zimesimama vizuri sana. Tatizo ni kwamba si mimi niliyeigundua.

Katika ndoto nachukua fimbo namba saba. Inanisalimu.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba. Leo tunalenga 1984."

Huo ni mwaka niliopewa ngao ya chai bora.

"Upepo unatoka wapi?" naiuliza.

"Nyuma yako, mzee. Kwa umri wako utatoka wapi tena?"

Napiga. Mpira unapaa, unapita 1996, unapita 1988, unaikaribia bendera ya 1984. Halafu unasita angani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, unaipita bendera kidogo, unaanguka.

"Juni 1983," inasema fimbo.

"Tuurudishe huku kidogo. Ni miezi michache tu."

"Mimi ni chuma, mzee. Hayo kazungumze na wakubwa."

Natembea. Magoti yananiuma vilevile, ingawa kila bendera ninayoipita inanipunguzia miaka. Njiani amekaa Kichuguu, amevaa tai. Namtambua kuwa ndiye mwenyekiti wa bodi. Kulia na kushoto kwake kuna viti sita vya ngozi, vimejikalia vyenyewe bila watu.

"Akidi imetimia," anasema Kichuguu. "Ajenda ni moja. Mkurugenzi anaomba kusogeza mpira."

"Kwa sababu za kitaalamu," nasema. "Pale ulipo kuna unyevu."

"Mpira unachezwa ulipoangukia."

"Mwenyekiti, nimeiongoza kampuni hii miaka kumi na tisa. Nilihamisha kiwanda kizima kutoka bonde moja kwenda jingine, na hatukupoteza hata gunia moja."

"Kiwanda sawa. Mpira hapana."

Kiti cha pili kutoka kushoto kinakohoa. "Muhtasari uonyeshe kwamba mkurugenzi alinyamaza."

"Sijanyamaza."

"Utanyamaza," kinasema kiti. Mlango unafunguka ubavuni mwa Kichuguu, nami naingia.

Ni chumba cha kuchachushia. Hapa lazima nieleze kazi, maana si kila anywaye chai anaijua. Jani likishasagwa hutandazwa, likakaa mpaka liache ukijani na kuwa na rangi ya shaba, ndipo likaushwe. Ukiwahi, chai inabaki na ubichi unaokwaruza koo. Ukichelewa, inapooza. Saa yetu ya ukutani ilisema dakika sitini, mwaka mzima, jua au baridi. Tuliitii saa, na kila msimu wa baridi chai yetu ilidharauliwa mnadani.

Majani yametandazwa sakafuni kwa duara. Katikati yake kuna tundu la gofu na bendera, na mpira wangu umetulia hatua tatu kutoka hapo. Kando yake amesimama Vaileti Kihaga, akiwa na umri wake wa wakati ule nilipokuwa bado meneja, aproni kiunoni, miguu mitupu. Alikuwa mgeuzaji wa majani. Yuko hai mpaka leo, kwenye nyumba za wafanyakazi kule Ilongo. Mwezi ujao atakuja kwenye uzinduzi wa kitabu, kwa kadi niliyoiandika "na wastaafu wengine."

"Vua viatu, Bwana Meneja. Au hii sheria uliwaandikia wengine?"

Navua.

"Sitini!" inasema saa ya ukutani. "Yatolewe!"

"Yatoe," namwambia Vaileti.

"Nani ayatoe? Nusa kwanza." Ananiletea kiganja cha majani usoni. "Haya bado nyasi. Kwa baridi hii hata wewe asubuhi huamki upesi. Yaache nusu saa."

"Saa imeshasema, mama."

"Saa haina pua, Bwana Meneja."

Saa inaona haya, inageukia ukutani.

Hayo aliyasema kweli, mwaka 1983, neno kwa neno. Nilimpa ile nusu saa ili nipate sababu nzuri ya kumfukuza kazi. Dakika ya tisini majani yakageuka shaba, na chumba kizima kikanukia matunda mabivu. Mwaka uliofuata nikapewa ngao, nikatoa hotuba ya dakika kumi na mbili.

Napiga mpira. Unaingia tunduni. Hakuna anayepiga makofi.

Inabaki kazi moja. Kwenye viwanja vya zamani vya huku, shimo halikuzungukwa na nyasi laini bali mchanga uliochanganywa na oili chafu. Anayemaliza huburuta gunia kufuta nyayo, ili anayefuata akute pasafi. Nilifanya hivyo miaka yote ya uchezaji wangu bila kufikiri.

Vaileti ananipa gunia. Limeshonwa kwa kurasa zangu mia mbili na kumi na mbili, kwa uzi wa katani. Ukurasa wa arobaini na moja ndio uko chini, unagusa majani.

"Futa," anasema. "Si unajua?"

Kuna nyayo za watu wawili. Zangu pana, zake nyembamba. Naburuta gunia juu ya zake. Nageuka kuangalia: zake zipo, zangu hazipo. Naburuta tena, kwa nguvu. Nasikia baridi, natazama chini, na vidole vyangu vya miguu havipo. Mara ya tatu visigino vinaondoka. Nimesimama kwa vifundo vya miguu.

"Bwana Meneja," anasema, bila ukali, "sasa utarudije nyumbani?"

"Sijui, mama."

Nanyamaza. Mlangoni nasikia kile kiti kikiandika.

"Weka gunia chini. Kanyaga zangu. Umezikanyaga miaka arobaini, leo ndiyo unaona haya?"

Naliweka. Natia kifundo kwenye unyayo wake wa kwanza, na mguu unanirudia, pamoja na maumivu yake yote. Kwenye wa pili unarudi wa pili. Naenda hivyo, hatua kwa hatua, kuelekea mlangoni.

"Siku ya uzinduzi nitavaa kitenge kipya," anasema nyuma yangu. "Usinikalishe mbali. Siku hizi sisikii vizuri."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Mke wangu alisimama miguuni pa kitanda, ameshika ncha ya shuka.

"Baba Ezra, umekanyaga nini?"

Tunaishi Dodoma. Mche wa chai ulio karibu nasi zaidi uko safari ya kutwa nzima. Nikaketi, nikapandisha mguu juu ya goti, nikautazama unyayo. Ndani ya unyayo wangu mpana palikuwa na unyayo mwingine, mwembamba, wa rangi ya shaba, na vidole vyake vitano. Mguu wa pili vilevile.

Mke wangu akainama, akaupima kwa kiganja chake.

"Huu si wako," akasema. "Ni wa mwanamke."

"Ni wa Vaileti Kihaga."

"Vaileti ndiye nani?"

Miaka yote hii ya ndoa, hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwangu. Nikamweleza lote, tangu saa ya ukutani hadi hotuba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuchukua beseni na sabuni.

Nikamwomba alete kalamu kwanza, na ukurasa wa arobaini na moja.