Kikaratasi cha Saheb

"Andika basi," alisema Kokilaben, muuguzi aliyeshuhudia operesheni za mawe ya figo kwa miaka thelathini na moja. "Au unangoja jiwe likuandikie?"

Daktari Daksha Vaghasiya aliandika neno moja, *Kitabaki*, akakikunja kikaratasi na kukitumbukiza katika kopo la majani ya chai juu ya kabati. Mgonjwa wa asubuhi hiyo ndiye aliyelianzisha kopo hilo.

Jashvantbhai Trivedi, au Saheb kama walivyomwita wote, ndiye aliyewafundisha kutoa jiwe kupitia tundu dogo mgongoni, wakati wenzake mji mzima wa Amreli bado wakimpasua mtu kama papai. Siku zile picha za eksirei zilianikwa dirishani zingali mbichi, kwa vibanio vya nguo, na Saheb alizitazama kwa mwanga wa jua huku akitafuna gathiya, vile vijiti vya unga wa dengu vilivyokaangwa. Kisha kila mmoja aliandika utabiri wake: figo itatoka safi, au kitabaki kipande. Kopo lilifunguliwa baada ya kazi, wakati wa chai, na aliyekosea alileta gathiya za kesho yake. Daksha alizikumbuka chai zile, tangawizi ikiwasha koo, feni ikilalamika, Saheb akimtania kila mtu bila kubagua. Aliyatamani maisha yale, wala hakuona haya kuyatamani. Siku hizi kompyuta inapewa picha za CT, inapima jiwe na matawi yake, na kutoa asilimia ya uwezekano wa figo kutoka safi kabla chai haijachemka.

Kwa Saheb ilitoa thelathini na nane. Jiwe lilikuwa limejitanua kama tangawizi ndani ya figo moja tu aliyobaki nayo. Mganga hajigangi, kwa hiyo alikuja kwa mwanafunzi wake.

"Ile meza ya operesheni nailalia mara moja tu," alikuwa amemwambia jana yake. "Mke wangu Sharda aliingia mara ya pili, hakutoka mzima. Kikibaki kipande, mwanangu, nitazikwa nacho."

"Sisi Wahindu tunachomwa, Saheb, hatuzikwi. Na usinipe masharti kama mama mkwe."

"Mama mkwe angekupa na vyombo vya kuosha." Akaomba kikaratasi, akaandika huku amekikinga kwa kiganja kama mtoto wa shule kwenye mtihani. Haijapata kutokea mgonjwa akatabiri. Kokilaben alikitia koponi akinung'unika kwamba uzee nao una vituko vyake.

Kazi ilianza saa mbili na nusu asubuhi. Jiwe lilivunjika vizuri, vipande vikatoka kimoja baada ya kingine. Kufika saa tano kilibaki kimoja, sawa na punje ya dengu, katika kijichumba cha chini kabisa, nyuma ya kona. Daksha alikiona kwenye skrini. Koleo likakikosa. Akasukuma tena, na maji kwenye skrini yakageuka mekundu.

Hapo akamkumbuka mkulima mmoja wa karanga. Ulikuwa mwaka wa pili wa Daksha kazini, naye alikuwa ametabiri mara kumi na moja bila kukosea, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mara ya kumi na mbili aliandika *Safi* kwa herufi kubwa. Kipande kikabaki, akakifukuza ndani ya figo ili asiumbuke mbele ya kopo. Damu ikafurika. Saheb alimshika kifundo cha mkono, wala hakupaza sauti. "Acha. Unamtibu nani, huyu au kikaratasi chako?" Mkulima alipona kwa chupuchupu. Daksha alileta gathiya wiki nzima na hakuna aliyemtania, jambo lililomuuma kuliko kutukanwa.

Leo hapakuwa na wa kumshika mkono. Akikiacha kipande, kitakua, na mzee alishaapa kwamba harudi. Akikifukuza, huenda akaiharibu figo, na mzee hana nyingine.

"Daktari?" aliita Kokilaben.

Daksha akalitoa koleo. "Tunaishia hapa."

Damu ilikoma. Daksha alinawa, akaegemea ukuta, akalia. Kokilaben alimletea chai na kopo. Kwenye kikaratasi cha mzee, hati ya Saheb ililala upande kama zamani: *Kitabaki, chini. Daksha ataacha.*

Alikisoma mara tatu. Chai ikapoa.

Alasiri Saheb alifumbua macho. "Kipo?"

"Kipo, Saheb."

"Chini?"

"Chini. Nisamehe." Alikuwa amejiandaa kumsihi akubali kurudi, hata kumpigia magoti, lakini alianza na ukweli. "Damu ilianza, nikaacha. Nimekisoma kikaratasi. Ulijua."

"Sikujua. Niliomba tu iwe hivyo." Mzee aliupapasa mkono wa Daksha juu ya shuka, akaushika palepale kwenye kifundo. "Na yule Kokila yuko wapi? Mwambie anipangie siku ya kurudi."

"Lakini ulisema mara moja tu."

"Nilisema kabla hujaacha," alijibu Saheb. Kisha akauliza kama kuna aliyekumbuka kununua gathiya.