Ahadi ya Kwanza ya Mwalimu Njuki

Mwalimu Njuki alipotangaza kwamba anawania kiti cha wadi, watu wa Makutano, mjini Meru, walianza kumwita meya siku hiyo hiyo. Kisheria meya alishaondoka zamani, tangu kaunti zilipoanza, lakini mji una mazoea yake: yeyote anayeahidi kuzibua mitaro ni meya, na akishindwa anarudi kuwa Mwalimu bila kuchekwa sana. Wapinzani wake walikuwa na neno lao. Huyu ni Mwembu, walisema, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mtu amefundisha watoto wa Meru pale shule ya Kaaga miaka thelathini, ameoa hapa, amezaa hapa, na bado kamba!

Kwa sababu ya maneno hayo, Mwalimu aliweka sheria nyumbani kwake. Kendi, binti yake wa pekee, aliisikia mezani.

"Kabla ya kura, hakuna posa, hakuna harusi, hakuna mgeni wa mambo hayo. Sitaki mtu aseme nimemwoza mtoto wangu ili nipate kura za wakwe."

Akamega ugali, akaendelea na hotuba yake. Cha kwanza ni mtaro wa Makutano, ule unaofurika kila mvua ikinyesha hadi wauza viatu wanahama na viatu vyao kichwani. Halafu taa za barabarani. Halafu choo cha stendi ambacho mama wa watu ataingia bila kuziba pua. Kendi aliyajua yote kwa moyo. Kwa miezi miwili hakuna jambo jingine lililozungumzwa katika nyumba ile.

Shida ni kwamba Kendi alikuwa na mtu. Mutuma, fundi wa pampu za maji, kijana wa Tigania, mpole hadi wakati mwingine anaudhi. Kendi alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kabla ya Mutuma hakuwahi kukutana na mwanamume anayemsikiliza mpaka amalize sentensi. Wazee wa kina Mutuma walikuwa wamepanga kuja Jumapili, na wazee hao hawaambiwi wangoje kura. Wakirudishiwa mzigo wao wa posa, wameuchukua na hawaji tena. Kajuju, mama yake Kendi, alikuwa ameahidi kumlainisha mzee Jumamosi jioni, akitoka kwenye mkutano wa kina mama wa kanisa huko Githongo. Mpango ulikuwa mzuri. Ila mipango si matumizi.

Jumamosi hiyo kuelekea jioni Kendi alitoka kazini, kwenye duka la dawa, akafika nyumbani na kuwakuta vijana wa kampeni kwenye veranda, wamevaa tisheti zenye uso wa baba yake, mashavu yamevimba. Wanatafuna miraa. Miguuni pao palikuwa na jani bichi la mgomba lililokunjuliwa, na kamba zake za mgomba zimetupwa kando.

Kendi aliinama akaokota kamba moja.

"Nani amewapa hii?"

"Meya mwenyewe, siste," alisema Mwongera, aliyekuwa msemaji wao. "Kuna wabuyu wawili, wazee wa fimbo, walikuja asubuhi wakamwachia. Yeye hatafuni, akatuambia tufungue. Na hii veve si ya kawaida, imechaguliwa moja moja."

Bila shaka imechaguliwa. Ilikuwa ncoolo, miraa ambayo wazee huileta wanapokuja kuomba binti. Hawasemi wamefuata nini. Wanaweka mzigo, wanazungumza habari za mvua na za ng'ombe, wanaaga. Ukiukataa unaurudisha ulivyo. Ukiufungua, umekubali, na wazee huliheshimu hilo kuliko sahihi ya wakili. Mtoto wa Tigania analijua hata akiwa usingizini. Lakini Mwalimu ni mtu wa Embu, na kwao watu hutafuna muguka, majani ya kutafuna tu, hayafungi ndoa wala hayavunji. Na mkewe alimpata kwa njia ya kanisa, kwa baba mkwe mchungaji ambaye miraa haikupita langoni kwake hata kwa bahati mbaya. Angejulia wapi?

Kendi alisimama hapo hajui acheke au alie. Baba amemwoza bila kujua. Akijua atawaka, atakataa mbele za watu, na wazee wataondoka na aibu ambayo haina dawa. Aliingia sebuleni.

Mwalimu alikuwa mbele ya kioo, anafunga tai.

"Kendi, hapo umekosa mambo! Wazee wa Tigania wamenijia asubuhi. Tigania! Na watu wanasema mimi ni mgeni. Nimewaambia wazi, hilo jambo lenu nitalishughulikia kwanza kabisa."

"Jambo gani, baba?"

"Hawakusema. Wazee wa huku wanazunguka sana. Nafikiri ni mtaro upande wa soko."

"Baba," Kendi alianza, na hapo lango likagongwa.

Walitoka wote wawili hadi verandani. Wale wazee walikuwa wamerudi. Mzee Kailemia alitangulia na fimbo yake, nyuma yake Mzee Mithika. Walikuwa wameingia mjini kwa shughuli zao za hospitali, ndiyo maana walifika siku moja kabla, na sasa wanapitia jibu wakielekea nyumbani. Kailemia aliliona jani la mgomba sakafuni, likiwa tupu kabisa, akauachia uso wake wote ucheke. Alimshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, umetuheshimu. Tena siku hiyo hiyo!"

"Si niliwaambia, wazee wangu? Lenu ni la kwanza. Kabla ya taa, kabla ya choo."

"Hata kabla ya kura?" aliuliza Mithika, ambaye alikuwa amesikia habari za ile sheria.

"Hata kabla ya kura! Wiki ijayo namleta injinia aje apime."

Wazee walitazamana.

"Apime nini?" aliuliza Kailemia.

Hapo ndipo Kajuju alipoingia, kikapu cha ndizi mkononi. Alitazama wazee, akatazama jani, akakiweka kikapu chini polepole.

"Baba Kendi," alisema, "unajua umefungua nini?"

Akamweleza kwa sauti ya chini, lakini veranda yote ilisikia. Mwongera aliacha kutafuna, shavu likiwa limejaa, hajui ateme au ameze. Mwalimu aliketi kwenye kiti cha plastiki. Tai ilikuwa bado imefungwa nusu.

Mzee Kailemia alimsogelea. "Mwalimu, kama hukujua, hukujua. Sisi si watu wa kumtega mtu. Tutasema tulifika tukakukosa. Hakuna atakayekucheka."

Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa, na baba yake angeweza kuupita bila lawama yoyote. Angefanya hivyo, Kendi alijua. Sheria yake ilikuwa palepale.

Lakini Mwalimu hakumtazama Kailemia. Alimtazama yeye.

"Wewe ulijua watakuja?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka, na hakuirudisha. "Kila nikikaa mezani naletewa mitaro. Nikiamka, taa. Nimekuwa mpiga kura kwenye nyumba yetu, baba. Na mpiga kura angalau huulizwa anataka nini."

Kajuju alifunika mdomo. Mwalimu alisugua goti kwa kiganja, kama alivyofanya zamani darasani mtoto akimpa jibu ambalo yeye hakulifikiria.

"Unamtaka?"

"Namtaka, baba. Sana."

Mwalimu alivuta pumzi, akaivua ile tai, akaiweka mfukoni.

"Nimesimama kila kona ya mji huu nikiwaahidi watu nisiowajua," alisema. "Huyu wangu sijamwahidi chochote. Wakisema nimemwoza kwa kura, waseme. Midomo yao haitakuwa ya kwanza kusema." Akawageukia wazee. "Ukiona imefunguliwa, imefunguliwa. Sirudishi neno."

Mithika alicheka, Kailemia akagonga fimbo sakafuni, na Mwongera hatimaye akameza. Machozi yalimtiririka Kendi na hakujisumbua kuyafuta. Ule mzigo aliokuwa ameubeba kifuani miezi miwili ulishuka wote kwa mara moja, na alijisikia mwepesi hata akaogopa kukaa.

Mwalimu alisogeza kiti karibu na wazee, akakohoa kidogo, uso umejaa haya.

"Sasa niambieni, wazee wangu. Huyu kijana anaitwa nani?"

Kabla wazee hawajafungua mdomo, Kendi alishamtaja.