Kibali cha Kusalisha

Mabruki alizaliwa Bujumbura, lakini babu yake alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mpagazi aliyekwenda na msafara wa pembe akalowea huko. Basi mjukuu aliposhuka Tabora na mabunda yake ya vitenge, miaka michache baada ya Uhuru, alijiona amerudi kwao. Serikali ilimwona mgeni, ikampa kibali cha biashara, naye hakubisha.

Alifungua duka, akauza vizuri. Tena alikuwa na sauti. Imamu wa msikiti mdogo kule Kitete alipofariki, Mzee Omari, mkubwa wa waumini, alimfuata dukani.

"Tusalishe wewe, mwanangu. Nyumba tutakupa, na posho kidogo."

Mabruki alikubali kabla mzee hajamaliza. Uimamu ulikuwa umemkaa rohoni tangu alipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani; vitenge vilikuwa riziki tu.

Akaenda kuomba ruhusa. Ofisa wa uhamiaji, Ndugu Mayala, alikuwa mtu mpole anayeheshimu sheria kupita kiasi.

"Hapa wewe ni mfanyabiashara," alisema. "Kusalisha ni kazi nyingine."

"Nikisali peke yangu?"

"Ruksa."

"Na watu wakija wakasimama nyuma yangu?"

Mayala alifikiri sana. "Hapo umeshaajiriwa. Badili kibali. Ila cha dini huombwa ukiwa nje ya nchi. Na ukikipata, biashara basi."

Mabruki akauza duka kwa hasara, akapanda treni hadi Kigoma, akavuka ziwa. Bujumbura alikaa kwa dada yake, Batuli, akingoja hadi masika yakaja yakapita. Batuli hakuchoka kumwuliza kama imamu asiye na msikiti hawezi angalau kuchota maji.

Kibali kilipotoka alirudi Tabora na kanzu mpya. Msikitini akamkuta Shomari, muuza dagaa, amesimama mbele.

"Tulimweka kwa muda tu," Mzee Omari alisema, macho chini. "Sasa watu wamemzoea."

Mabruki akaenda kwa Mayala kuomba walau auze vitenge. Mayala alisimama, akampa mkono kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa zamani.

"Shehe, wewe sasa ni mtu wa dini. Biashara itabidi uiombe ukiwa nje."

Kurudi kwa Batuli asingeweza. Angeuweka wapi uso wake? Mzee Omari, naye akiona haya, akamtafutia nafasi katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Usinge, ambako Waislamu walikuwa wamehamia bila imamu. Mwenyekiti wa kijiji, Limbu, alimpokea kwa furaha, akampa chumba, mkeka na jembe.

"Jembe la nini? Kibali changu hakiruhusu kazi nyingine."

"Kazi ni ile ya mshahara, shehe," Limbu alimtuliza. "Hapa tunalima tu."

Mabruki alitafuta kosa katika maneno hayo, asilione. Akalima.

Ijumaa ya kwanza watu walijaa hadi nje ya kibanda cha nyasi kilichoitwa msikiti. Alikuwa amejitayarisha tangu Bujumbura. Alisalisha vizuri, sauti imetulia, kisha akainua mikono kuomba dua. Viganja vilipokunjuka, malengelenge ya jembe yakapasuka. Maumivu yakamkata kauli katikati ya neno, machozi yakamtoka.

Waumini walipoona imamu wao analia mbele ya Mola, nao wakaangua kilio. Mabruki aliwaacha walie.